Choo cha Bi Ikhlas

Nyumba yetu ya Gatongora, Ruiru, ina vyoo viwili, vyote ndani, na sitaomba radhi kwa kulitaja hilo mwanzo kabisa. Mimi nimelelewa Majengo, Thika, ploti nzima tukitumia choo kimoja cha shimo huko nyuma ya uwanja. Asubuhi unasimama foleni na kopo lako la maji mkononi, na aliye ndani anakohoa makusudi ili ujue bado yupo. Kwa hiyo mimi na Salim tulipoanza kujenga Ruiru, kabla ya kufikiria sebule, nilimwambia mume wangu: chumba cha mama kwanza, na bafu na choo chake humo humo. Salim aliniangalia, akacheka, akasema sawa. Mume wa namna hiyo ukimpata, mshike.

Kikajengwa. Vigae vya samawati mpaka nusu ya ukuta, bomba la kuogea, choo cheupe cha kukalia kwa ajili ya magoti ya mama. Nilipokiona kimekamilika nililia, na sikuona haya. Halafu nikatoa amri: mtu yeyote asikiguse mpaka mwenyewe afike.

"Mum, serious?" Binti yangu Zahra alikuwa kidato cha pili na mdomo wake ulikuwa wa chuo kikuu. "Tunapiga laini kwa hii bafu moja na hiyo ingine iko tu hapo empty?"

"Si empty. Ni ya nyanya yako."

Nikatia kufuli. Kila Ijumaa nilifungua mwenyewe, nikamwaga dawa chooni, nikavuta maji, nikapangusa vigae kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kwenye sakafu sikuacha hata tone. Mle ndani ungeweza kupakua pilau ukala.

Lakini mwenyewe hakuja. Mama yangu, Bi Ikhlas, ana magoti mabovu, lakini kichwa chake ni kigumu kuliko magoti yote ya Thika. "Choo na kitanda chini ya paa moja, Tausi? Nyumba itanuka tu. Mimi nitaswali wapi?" Kila nikienda kumchukua, jibu ni hilo hilo. Hata alipoteleza akienda chooni alfajiri, majirani wakamwinua kutoka kwenye matope, aliniambia ni kandambili zilikuwa mbovu. Mimi tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana. Nilimuona kila nikifumba macho, amelala pale uwanjani, na mimi nina choo cheupe kimefungwa kwa kufuli.

Mwishowe alikubali kuja baada ya Idi, kutazama tu. "Nikisikia harufu narudi siku hiyo hiyo," alisema, "na habari ya kuhamia kwako usinitajie tena." Namjua mama. Akisema tena, ni tena.

Basi kiangazi kile, mwaka ule ule ambao baadaye ulituletea mvua ya El Niño, nikafungua chumba cha mama Ijumaa moja na harufu ikanipokea mlangoni. Si harufu ya vumbi. Harufu ya shimo la maji machafu, mbichi kabisa, ndani ya vigae vyangu vya samawati.

Nikalaumu choo. Nani hangekilaumu? Nikakimwagia dawa mpaka macho yakawasha. Nikasugua, nikavuta maji, nikasugua tena. Nikafukiza udi chumba kizima, ikawa kama watu wamefanyia harusi ndani ya shimo. Kesho yake udi ulikuwa umeondoka na shimo limebaki. Nikamwita Gerishon, fundi aliyetuwekea mabomba. Alipiga magoti, akanusa nyuma ya choo, akatikisa kichwa.

"Mama Zahra, hii maneno iko chini ya choo. Bomba imeachana. Itabidi tupasue frooa."

"Upasue vigae vyangu? Mama yangu anakuja Jumamosi!"

"Sasa unataka aje apate shimo, ama aje apate smell?"

"Pasua kichwa chako kwanza, Gerishon."

Aliondoka akicheka, na mimi nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda cha mama, shuka mpya zimetandikwa, nikiwa na hasira na kila mtu. Mtu anajenga kwa jasho lake ili mama yake asianguke tena gizani, halafu harufu inakuja kumfukuza.

Jumamosi akaja. Nilifungua madirisha yote, nikapika biriani yenye karafuu za kutosha kuficha maovu yote ya Ruiru. Haikusaidia. Bi Ikhlas aliingia chumbani kwake, akasimama katikati na bakora yake, akavuta pumzi mara moja.

"Niliwaambia," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, si kwa huzuni. Kumbe naye alikuwa amekuja akitamani kukosea.

"Nitaswali adhuhuri barazani, nile, kisha Salim anirudishe," akasema. "Nipeni maji nitawadhe."

Zahra akamwekea kigoda bafuni, karibu na lile tundu la sakafuni la kupitishia maji ya kuoga. Mama hakutaka bomba la ukutani. Alitaka birika, na sisi birika tunalo. Na mama hatawadhi kwa haraka. Mikono, kinywa, pua, uso, taratibu, na magoti yake yalipomfikisha kwenye miguu, Zahra alishajaza birika upya. Maji yote yakaenda kwenye tundu yakigugumia. Mimi nilisimama mlangoni na taulo, nikilia kimya kimya, nikifikiri haya ni maji yake ya kwanza na ya mwisho nyumbani kwangu.

Akaswali barazani. Tukala. Hakuna aliyesifu biriani. Salim akaenda kuwasha gari, mama akarudi chumbani kuchukua mtandio wake, na akakawia.

"Tausi! Njoo hapa."

Nikaenda nikidhani ni maneno ya mwisho.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Harufu."

Nikanusa. Nikanusa nyuma ya choo, nikanusa kitanda, nikanusa mpaka mama akaniuliza kama nimekuwa mbwa. Hakuna. Nikapiga magoti, nikainua kile kifuniko cha matundu pale sakafuni. Chini, pale bomba linapokunja kona, maji yalikuwa yametulia yamelijaza. Nikakimbia bafuni kwetu, nikainua kifuniko cha kule. Maji pia, vile vile.

Hapo nikaelewa, na nikaketi sakafuni nikacheka mpaka Zahra akaja mbio. Kona ile imewekwa ili ishike maji, na maji yale ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isipande. Kwetu tunaoga kila siku, maji hayaishi. Kwa mama, nilivyopangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa miezi yote ile, kona ilikauka na mlango wa harufu ukabaki wazi. Choo nilichokisugua hakikuwa na kosa lolote. Heshima yangu ndiyo iliyonuka.

Gerishon alipokuja kuthibitisha alijisifu bila aibu: "Si mnaona hiyo kona nimeweka poa? Ilikuwa tu inataka maji." Na mama alijisifu kumzidi. Salim alipompeleka Thika kufunga mizigo yake, Majengo nzima ilisikia kwamba nyumba ya Tausi ilikuwa ikinuka, mafundi wakashindwa, mpaka yeye Bi Ikhlas alipotia udhu. Sikumsahihisha. Kwanza ni kweli.

Alihamia na birika lake mwenyewe. Miezi ikapita, kisha siku moja akaitwa harusini Thika, akae huko wiki nzima. Alipanda gari, akafunga mlango, kisha akateremsha kioo na kunyoosha bakora kwangu mbele ya majirani wote wa Gatongora.

"Tausi! Usiache kumwaga maji chooni kwangu."

Kwangu, alisema. Majirani wakacheka, na mimi nikasimama pale langoni, kichwa juu, nikimpungia mkono mpaka gari likapotea.