Hapa Pana Mwenyewe?

Kila asubuhi, filimbi ya treni ikilia kwenye kona ya mlima, binti alimimina chai na kupanga vikombe barazani, ili watalii wakishuka wauone mvuke wake kabla hawajaiona hoteli ya kampuni ya reli ng'ambo ya mto. Siku hiyo alikuwa bado anamimina alipomwona gadi wa treni akija peke yake, bila bendera wala kofia, kavaa shati lililopigwa pasi. Treni ikaondoka na gadi mwingine.

Akaliweka birika chini.

Tangu reli ifike bondeni na watu wa mjini waanze kuja kutazama maporomoko, kampuni ilikuwa ikizimeza nyumba za kando ya mto moja baada ya nyingine. Majirani walishahama. Binti na mama yake walibaki na vyumba vyao vya wageni, ndivyo vilivyowalisha tangu baba afariki. Na majuzi, akikunja mashuka, alimsikia gadi huyuhuyu akimuuliza mama kwa sauti ya chini, "Hapa pana mwenyewe?" Jibu hakulisikia.

Tangu hapo alimwekea jicho. Mtu wa kampuni ni wa kampuni, hata akisalimia vizuri. Gadi aliuliza kama paa linavuja. Alitikisa nguzo ya baraza. Alimtania binti kwamba akiolewa, mama atabaki na nani. Na mama, ambaye hakuwahi kumficha kitu, siku hizi akiulizwa alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni kinaungua. Binti alikwenda kuangalia. Hata moto haukuwashwa.

Sasa akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Alimwambia gadi kwamba waliomtuma wakajenge hoteli nyingine hata juu ya maporomoko, lakini si hapa.

"Nyumba hii haiuzwi, bwana gadi. Na mwenyewe yupo. Ni mama yangu."

Gadi, kama mwanafunzi anayesubiri kunong'onezewa jibu, akamgeukia mama, aliyekuwa ametokea nyuma ya binti.

"Mwambie," mama alisema.

Gadi akaanza habari za paa.

"Basi, acha." Mama akamshika binti bega, uso umemwiva kwa haya. "Mwanangu, hakuiulizia nyumba. Aliniuliza mimi kama nina mwenyewe. Nikamwambia sina, ila nina binti mkali." Akamtazama gadi. "Na mimi ninamtaka."