Treni Iliyofukiwa kwa Nyasi

Mimi Evodia sina ugomvi na treni. Ugomvi wangu ni na treni iliyo sebuleni, katika nyumba inayosubiri wakwe. Tuelewane hapo kwanza, maana hapa Rwamishenye, Bukoba, kuna watu wamenitangaza kwamba ni mama mkali nisiyependa maendeleo.

Kaka yangu Rugaibula ni fundi umeme mstaafu. Naishi naye tangu mkewe Agnetha alipofariki. Nilikuja kumsaidia kumlea binti yao Klaudia, na nafasi ya kuondoka sikuipata tena. Alipostaafu nilimshukuru Mungu. Nikasema sasa atatulia, atapalilia migomba, ataenda kanisani, atazeeka kama watu wengine. Mara akaalikwa harusi Dar es Salaam, na wenyeji wake wakampandisha ile treni ya umeme mpaka Dodoma. Basi! Alirudi hajui hata bibi harusi alivaa nini. Alikuwa anaongea waya tu: waya unaopita juu ya reli, na ule mkono ulio juu ya paa la treni, jinsi unavyoushika waya njia nzima bila kuuachia hata kwenye kona. Bukoba hatuna reli wala hatujawahi kuwa nayo. Rugaibula akaamua tutakuwa nayo, na itapita mbele ya kochi.

Kichwa cha treni alikitengeneza kwa bati la kopo la rangi. Nguzo ni spoku za baiskeli. Na ule mkono wa kushika waya, unajua aliutoa wapi? Kwenye mwavuli wangu. Mwavuli wangu wa kanisani, waitu, ndugu zangu! Mtu anayeijua mvua ya Bukoba anaharibu mwavuli wa dada yake? Nilipomuuliza akaniambia vyuma vya mwavuli vina mkunjo mzuri. Nikamwambia hata fimbo ina mkunjo mzuri.

Kazi ngumu ilikuwa waya wa juu. Ule waya ni mwembamba kama uzi, na lazima ufungwe kwenye kila nguzo ukiwa umenyooka, la sivyo mkono unaukosa na treni inakufa njiani. Macho ya Rugaibula yameingia ukungu. Uzi wa namna hiyo hauoni hata ukimwekea puani. Anayeona ni Klaudia. Yeye ni fundi cherehani, ana banda lake karibu na soko, na vidole vyake havikosei. Kwa hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani, baba na binti walilala kifudifudi sakafuni, huyu ameshika koleo, yule anafunga waya, wanacheka wenyewe kwa wenyewe. Mimi nawaruka na sufuria ya ndizi.

Stesheni ya Bukoba ilikuwa karibu na mlango wa chumba cha kulala, na kibao chake kimeandikwa vizuri. Kutoka hapo reli ilizunguka kochi, ikapita chini ya meza, halafu mwaka huu ikaanza kunyemelea viti vya wageni dirishani. Kila Jumapili inaongezeka kipande.

"Sasa hii inakwenda wapi?" nikauliza.

"Muleba."

"Muleba kuna nini?"

Akachukua spoku nyingine, akaisimamisha. Nikajua ndiyo uzee umeanza kuingia.

Sasa sikiliza. Klaudia alipata mchumba, kijana anaitwa Byarugaba, kwao ni Kagoma, huko huko Muleba. Klaudia si msemaji, lakini siku hiyo alinifuata jikoni akaniambia, "Shangazi, huyu ndiye ninayemtaka. Wakikataa kwao, mimi sitafuti tena." Nikamtazama usoni nikaona hatanii.

Kijana hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Byabato, mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa. Huyo anajulikana. Aliwahi kwenda kumposea mwanawe mkubwa, baba wa binti akacheka kidogo wakati wa maombi, basi mzee akachukua kofia yake akaondoka, na posa ikafia hapo. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye wa kumleta kwenye makopo yanayokimbia?

Nikamwambia Rugaibula, "Chagua. Treni au ndoa ya mwanao."

"Nitaitoa," akasema.

Aliahidi hivyo wiki nzima. Asubuhi ya posa naingia sebuleni, nani namkuta amepiga magoti? Ameiwasha, inakwenda. Eti anaijaribu mara ya mwisho! Kabla sijafungua mdomo umeme ukakatika, treni ikasimama chini ya meza.

"Haya, Mungu mwenyewe ameizima," nikasema. "Ing'oe."

"Nikiing'oa, nyaya zote zitakatika, Evodia. Na Klaudia hatakuwepo kuzifunga tena."

Alisema kwa sauti ndogo. Ningekuwa na akili siku hiyo ningemsikiliza, lakini nilikuwa na kuku motoni na hasira kifuani. Na hapo hapo nikasikia gari nje. Watu wa Kagoma wamefika kabla ya saa yao!

Mawe, mama yangu! Nilizunguka kama kuku huyo huyo kabla sijamchinja. Halafu macho yakaangukia nyasi. Kwetu mgeni wa heshima anatandikiwa nyasi mbichi sakafuni, na mimi nilikuwa nimekata mizigo ya kutosha, nitandike sebule, baraza, mpaka njia ya getini. Nikazimwaga zote sebuleni. Nguzo zikazama, waya ukazama, Stesheni ya Bukoba ikazama na kibao chake, na swichi ya Rugaibula nikaifukia humo humo. Nilipomaliza huoni reli wala nini. Nikajisifu moyoni.

Wageni wakaingia. Mzee Byabato alitia mguu wa kwanza, ukazama mpaka juu ya kifundo. Akautoa, akatia wa pili.

"Mmetuheshimu sana," akasema, huku anautafuta mguu wake.

"Karibuni sana, waitu. Ndiyo desturi yetu," nikamjibu bila aibu.

Nikawakalisha kwenye viti vya dirishani, Mzee Byabato katikati, mshenga wao kulia, ndugu mwingine kushoto. Rugaibula akakaa upande wake, karibu na mlango wa chumba. Ndani ya chumba alikuwemo Klaudia, amevaa gomesi, anasubiri. Binti anayeposwa hatoki mpaka shangazi yake aende kumleta, na shangazi ndiye mimi.

Mzee Byabato akasema tuanze kwa maombi. Tukainamisha vichwa. Akaombea safari yao, akaombea mvua, akaombea kahawa isishambuliwe na wadudu, akaombea wachungaji wote wa dayosisi. Ndiyo kwanza anaanza kuwaombea wagonjwa, friji likaguna jikoni. Umeme umerudi.

Nikafumbua jicho moja. Nyasi za chini ya meza zilikuwa zinatikisika.

Rugaibula hakuwa ameizima! Nikamtazama, naye alikuwa amefumbua macho, anapapasa swichi kwa mguu ndani ya nyasi, uso wake unaomba kuliko mzee aliyekuwa anaomba kwa sauti. Nyasi zikaendelea kuinuka na kulala, kwa mstari, taratibu, na sauti ya kukwaruza chini yake. Zinakwenda kwa wageni. Nikaanza kukohoa ili nifunike sauti. Nilikohoa mpaka mshenga akafumbua macho kunihurumia, na ndipo alipoona.

"Nyoka!"

Jamani! Mzee Byabato alipanda juu ya kiti na viatu vyake, akalitaja jina la Bwana kwa namna ambayo haikuwa maombi tena. Yule ndugu akanyakua bakora ya mzee akaanza kuzitandika nyasi.

"Usipige!" Rugaibula akapiga kelele. "Nimeitengeneza mwenyewe!"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mtu wa kufuga nyoka tumewahi kumsikia. Wa kutengeneza?

Mshenga alikuwa ameshafika mlangoni treni ilipochomoza. Ilitoka nyasini na kichwa chake cha bati, majani yamening'inia kama ndevu, mkono wa mwavuli wangu umeshika waya, behewa linafuata nyuma. Na ndani ya behewa kulikuwa na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni. Mpaka leo Rugaibula anasema alikuwa anapima uzito. Mwongo! Alikuwa ametamani tangu mwanzo wakwe wakaribishwe kwa treni. Bakora ikashuka mara ya mwisho, waya ukakatika, na treni ikafa palepale mbele ya kiti cha Mzee Byabato. Nyasi zilizotawanyika zikaonyesha kibao: MULEBA.

Nilimsikia Klaudia akivuta pumzi nyuma ya mlango, na mimi nikaona ndoa yake inachukua kofia inaondoka.

"Hii ni nini?" akauliza Mzee Byabato, bado yuko juu ya kiti.

Nilitaka kusema ni ya watoto wa jirani. Rugaibula akaniwahi.

"Ni treni ya umeme, waitu. Inatoka Bukoba kwenda Muleba."

"Kwa nini Muleba?"

Rugaibula akatazama chini. "Binti yangu aliponitajia kijana wenu, akaniambia kwao ni huko, nikaanza kuongeza reli. Nilijisemea, akishaondoka, angalau niwe na kitu kinachofika alipo. Waya ukaniishia kabla ya Kagoma."

Na mimi nilikuwa nimemuuliza swali hilo hilo kila Jumapili, nikamwona mzee aliyechanganyikiwa! Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Nikajikasirikia, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia mbele ya wageni.

Mzee Byabato akashuka kwenye kiti. Akaliinamia behewa, akaitazama ile kahawa. "Mwenyeji hutafuna kwanza," akasema.

Ni kweli, ndiyo desturi. Rugaibula akainuka aje kuichukua.

"Kaa," mzee akamwambia. "Imekuja yenyewe, irudi yenyewe."

Rugaibula akaipata swichi, akaibonyeza upande wa kurudi. Wapi. Akaja akapiga magoti mbele ya wageni, akaanza kupapasa nyasini kuutafuta ule waya uliokatika. Vidole vyake vikapita juu yake, vikarudi, vikapita tena. Mimi niliuona. Watu wote tuliuona, isipokuwa yeye. Hakuna aliyecheka, na mimi nilitamani sakafu inimeze.

Mlango wa chumba ukafunguliwa.

Sikumleta! Nasema tena, mimi shangazi sikwenda kumleta! Klaudia alitoka mwenyewe, akapiga magoti, akawaamkia wageni shikamoo mmoja mmoja kwa adabu zote. Halafu badala ya kuinuka akabaki hapo hapo kwenye magoti, maana ndipo waya ulipokuwa. Akachomoa koleo kwenye mkanda wa gomesi. Koleo, kwenye mkanda wa gomesi, siku ya posa! Akazivuta ncha mbili, akazisokota, akakata kwa meno kilichozidi.

"Tata, washa," akamwambia baba yake.

Rugaibula akarudi mahali pake, akabonyeza swichi, treni ikaanza kurudi. Ilipita nyasini, ikapita chini ya meza, ikazunguka kochi, na sote tukaigeuzia shingo mpaka ikasimama magotini pa Rugaibula. Akachukua punje, akatafuna. Akairudisha. Mzee Byabato akaingoja ameweka mikono magotini, akachukua punje yake, akatafuna taratibu, anamtazama Klaudia.

"Huyu ndiye tuliyekuja kumwomba?"

"Ndiye," nikasema, nimeshajiandaa kwa lolote.

"Nani amemlea?"

"Mimi."

"Amelelewa." Akamgeukia kaka yangu. "Lakini mimi sikai Muleba mjini. Siku binti huyu akihamia kwetu, treni ifike Kagoma. La sivyo hatujaelewana."

"Itafika," akasema Rugaibula.

"Haya, tumalizie maombi. Nilikuwa kwa wagonjwa," mzee akasema, akafumba macho. Safari hii swichi niliizima mimi mwenyewe.

Harusi ilipita salama. Mzee Byabato aliniletea mwavuli mpya, nao naulaza chini ya godoro langu, maana naijua nyumba ninayoishi. Klaudia yuko Kagoma, ana cherehani yake, na kila Jumapili tukishatoka kanisani anapiga simu.

"Tata, treni imefika?"

Rugaibula anaiwasha, anaweka simu sikioni, anageuza uso dirishani. "Imetoka Bukoba. Sasa iko Muleba. Sasa inaingia Kagoma."

Reli kweli imefika Kagoma, na kibao kipo. Waya ndio haujafika. Alijaribu kuufunga siku nyingi, peke yake, akidhani sioni. Nikajaribu na mimi. Vidole vyangu ni vya kumenya ndizi. Basi tukaacha, wala hatulizungumzi jambo hilo. Zile nguzo za mwisho zimesimama tupu, na Klaudia anaamini kila kitu kimekamilika, maana baba yake alimwambia hivyo.

Kwa hiyo treni ikifika Muleba inakufa. Na mimi Evodia, nisiyependa maendeleo, nalala kifudifudi na nguo zangu za kanisani, naisukuma kwa kidole kile kipande kilichobaki, polepole, isije ikakwaruza akasikia kwenye simu.

"Imefika," anasema Rugaibula.

Ukimwambia Klaudia, nitakukana.