Mukuna Anajaribu Kuingia

Jioni, mama Micheline alipokuwa akisonga bukari ya mahindi nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Kapata, binti yake Fidélie alisogeza cherehani kando, akawasha kompyuta yake kuukuu, akamngoja mdogo wake Mukuna aingie mchezoni. Mukuna alikuwa amekufa tangu mvua zilizopita. Shimo la mgodi wa Mutoshi, alikoingia kuchimba, lilimwangukia yeye na mfuko wake, na ndani ya mfuko mlikuwa na kompyuta yake. Kampani yenye shimo ilisema mule chini hakuna mtu, kwa kuwa hakuna aliyepewa ruhusa ya kuingia. Basi hawakuchimba, na kilio kilifanywa bila maiti.

Kilio kilipoisha, jina lake likatokea kwenye mchezo wao wa zamani, ule wa kulinda daraja wawili wawili. Sauti ikatoka, ina vumbi kidogo, ikamwita dada yake mkubwa kama zamani.

"Yaya, uko?"

"Niko. Ulikawia."

"Huku kuko mambo mingi."

Tangu hapo alikuja kila jioni. Kapata umeme ulikatika ovyo, lakini kule chini, wapi! Haukukatika hata mara moja. Walilinda daraja, wakabishana, naye akamtania dada yake kwamba analenga kama mtu anayefukuza kuku. Mama alipitisha kichwa mlangoni akamuuliza Mukuna kama amekula. Majirani walisikia, wakasema huyo ana adabu. Kuna watoto wazima kabisa Lubumbashi ambao hata simu hawapigi.

Halafu jioni moja skrini ikawa nyekundu. Ndugu wote wawili wamefukuzwa mchezoni kwa udanganyifu.

Hapa inabidi kueleza, ingawa jambo lenyewe halielezeki vizuri na anayejaribu huumwa kichwa. Kompyuta zile zilikuwa zimetupwa na ofisi fulani. Mfumo wa Windows ulizilemea, kwa hiyo Mukuna, alipokuwa hai, akazitia Linux, ambayo ni nyepesi tena ya bure. Kampani ya mchezo nayo imemweka mlinzi, yaani programu, ndani ya mashine ya kila mchezaji ili awakamate wadanganyifu. Siku hizo ilileta mlinzi mpya, na huyu alitaka kushuka mpaka chini kabisa ya mashine. Kwenye Linux hakupata njia. Kampani ikakata shauri kwamba pale asipoweza kushuka mlinzi wake, basi hapo yuko mwizi. Haya, elewa wewe.

"Mi sielewi," Fidélie alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Tuliiba nini?"

Baba yao, tata Kabasele, alikuja akasimama nyuma ya kiti. Kampani ya zamani ya migodi ndiyo iliyomleta baba yake kutoka Kasai, ikampa nyumba, unga, shule ya watoto na hospitali. Ilikuja kufa, lakini imani ya tata haikufa nayo. Alifungua kabati, akavaa ovaroli yake ya kazi, akafunga vifungo vyote, akakaa.

"Andika," alisema. "Ku kampani unasema yote. Ukificha kintu kimoja, siku bakikikuta njo umekwisha."

"Tata, na kufa kwake tuseme?"

"Ile njo ya kwanza. Andika: mutoto yangu Mukuna alikufa mu shimo. Anacheza jioni tu. Hakuiba kintu ya muntu hata siku moja."

Jibu lilifika kesho yake, kwa Kifaransa chenye heshima. Kampani ilitoa pole kwa msiba. Ilisema kifo cha mchezaji hakivunji kanuni yoyote. Inayovunja kanuni ni Linux. Kila mchezaji abadilishe mfumo kwa mkono wake, Fidélie kwenye mashine yake, Mukuna kwenye ile iliyoonekana mara ya mwisho Mutoshi. Kisha waombe upya.

Fidélie alichanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo. Tata yeye alishika neno moja tu, Mutoshi. Huo ulikuwa ushahidi, tena wa kampani. Hakuvua ovaroli. Alichukua simu ya binti yake, akapanda pikipiki mpaka kwenye ofisi ya wenye shimo.

"Mulisema kule chini hamuna muntu," aliwaambia. "Soma. Kampani ingine inamuona."

Karani alisoma taratibu mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mikono miwili.

"Tata, pole. Lakini hapa banaandika huyu muntu ni mudanganyifu. Sasa tutamuamini namna gani?"

Tata alirudisha simu mfukoni. Kampani moja imesema na nyingine imesikia, na yeye alifundishwa kwamba kampani haisemi uongo. Alirudi nyumbani, akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akampa mama aitumie kuepulia sufuria motoni. Mama aliipeleka jikoni.

Fidélie alipeleka cherehani yake mjini kwa Yassini, mfanyabiashara wa vyombo vya umeme, wakabadilishana. Akarudi na kompyuta ngeni yenye Windows. Kampani ya mchezo ilimfungulia siku hiyohiyo, ikamshukuru kwa kuwa mwaminifu. Akasimama darajani peke yake, hajui atazame upande gani.

Jua lilipozama, maandishi yakatokea pembeni ya skrini: Mukuna anajaribu kuingia. Chini yake: Amekataliwa. Kisha yakatokea tena.

"Nani atashuka kumubadilishia?" Fidélie aliuliza.

Mama, ambaye hasomi Kifaransa, alikuja anafuta mikono. "Banaandika nini?"

"Banaandika Mukuna anajaribu kuingia."

Mstari wa chini hakumsomea. Mama alikwenda akafungua mlango wa mbele mpaka mwisho, akauegemezea jiwe, akaweka mezani sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo.

Mlango huo sasa huwa wazi kila jioni. Mbu wanaingia sana, na tata, aliyekuwa mkali kwa habari ya mbu, hagusi lile jiwe. Fidélie analinda daraja. Chakula kikianza kupoa mama anauliza kutoka jikoni.

"Angali anajaribu?"

"Angali, mama."

Basi mama anafunika sahani.