Safari za Uani

Mchana ule kibaraza cha msusi kilikuwa kimejaa kama kawaida yake. Mteja mmoja ameketi chini kati ya magoti ya msusi, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka, wawili wako kwenye benchi wanangoja zamu, na mwingine hakuja kusuka chochote, alikuja kusikia. Pembeni, mume wa msusi, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa, alikuwa akilainisha mguu wa meza. Mara akaweka kazi chini, akajikung'uta vumbi, akashika njia ya uani.

"Shemeji leo hatulii," alisema yule wa kati ya magoti. "Tangu niketi hapa ni kwenda na kurudi tu."

"Mwacheni, ni mkojo," msusi alisema.

"Mkojo," benchi likaitikia, likibana kicheko.

Msusi akavuta nywele mpaka mteja akaguna. Hakuhitaji kuambiwa. Choo cha nyumba ile ya kupanga kilikuwa nyuma kabisa, na hukifikii bila kupita mlango wa Mama Pasi, mjane aliyepiga pasi nguo za watu, mwanamke wa sauti laini ambaye kola yake haikuwa na mkunjo hata siku ya kufua. Wiki kadhaa sasa Msasa alikuwa hakauki huko. Kwenda anakwenda mbio, kurudi anarudi polepole, anafuta mdomo. Chakula cha mkewe anakidonoadonoa, eti kinywa kikavu. Kitandani ndiyo tusiseme, siku hizi msusi aliujua mgongo tu. Na jana, akianika taulo, alimwona kwa macho yake Mama Pasi akitia kitu kidogo kwenye kiganja cha mumewe, na Msasa akakimeza palepale. Mwanamume mzima na ndevu zake, analishwa kama kinda.

"Mimi shoga nisingekaa," alisema yule aliyekuja kusikia.

Msusi akachomeka kitana kwenye nywele za mteja na kuinuka.

"Na kichwa changu?"

"Kikae nacho, narudi."

Hakubisha hodi. Chumba cha Mama Pasi kilinuka mkaa na nguo zenye joto, mashati ya watu wa ofisini yamening'inia ukuta mzima. Msasa alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakunywa maji kutoka kwenye jagi lenyewe, na Mama Pasi amemshika mkono.

"Endeleeni," msusi alisema. "Mimi nimekuja kutazama tu."

"Jirani, karibu ukae."

"Nikae wapi, na nafasi yangu imeshakaliwa?"

Msasa alijaribu kusimama, kizunguzungu kikamrudisha kigodani. Midomo ilikuwa imempasuka kwa ukavu. Wivu wa msusi ukarudi nyuma hatua moja, lakini haukutoka chumbani.

"Nina presha, mke wangu," Msasa alisema. "Nilipimwa pale sokoni walipokuwa wakipima bure. Waliniambia niende hospitali, sikwenda. Mama Pasi anayo pia, ndiyo akawa ananigawia vidonge vyake."

"Mimi vimenisaidia," Mama Pasi alisema. "Nikajua na yeye vitamfaa."

"Unamgawia mume wangu dawa kama unagawa chumvi."

Wakampeleka zahanati wote wawili, kila mmoja bega lake, bila kusemezana. Muuguzi akamfunga mkono kipimo cha presha, akamtoboa kidole, akatazama kile kimashine cha sukari, akamtoboa kidole kingine.

"Vidonge ameanza lini? Kiu je? Kizunguzungu kinamjia akiinuka?"

Kila swali aliliuliza akimtazama msusi, na kila jibu lilitoka kwa Mama Pasi, laini, limenyooka kama shati la ofisini.

"Kumbe mkewe ni wewe," muuguzi akamwambia Mama Pasi.

"Mkewe ni mimi," msusi alisema, na foleni yote nje ikasikia.

Muuguzi akaeleza. Vidonge vile vilikuwa vya kutoa maji mwilini, ndiyo maana ya zile safari za uani. Kwa baadhi ya watu hupandisha sukari, na ya Msasa ilikuwa juu. Huenda ilikuwapo hata kabla, na sukari nayo hukojoza na kuleta kiu. "Presha yake si presha yako, mama," alimwambia Mama Pasi. "Dawa haigawanywi. Daktari atamwona sasa hivi, amwandikie ya kwake."

Mama Pasi akaenda kukaa mbali. Mke na mume wakabaki kwenye benchi la daktari.

"Kwa nini yeye?" msusi aliuliza. "Ungekuwa na hawara ningejua la kufanya. Lakini kuumwa? Unakwenda kuumwa kwa mwanamke mwingine?"

Msasa alitazama sakafu. "Ulimcheka fundi bomba. Ulisema tangu aanze dawa za presha, mkewe analala na gogo. Kibaraza kizima mlicheka mpaka mkafuta machozi. Mimi nilikuwa pale pale, napiga randa."

"Na Mama Pasi?"

"Yeye hakucheka."

Hilo lilimchoma kuliko kama angewafuma wakibusiana. Wakarudi nyumbani, dawa za mumewe kazishika mwenyewe, mfuko kaukumbatia kifuani.

Kibarazani hakuna aliyeondoka. Wameongezeka.

"Haya, leta maneno," alisema yule aliyekuja kusikia, akimsogezea kigoda.

Na maneno yalikuwepo, matamu, yamemjaa mdomoni; tangu aanze kusuka hakuwahi kupata habari nono kama ile. Akachungulia uani kupitia koridoni. Mama Pasi alikuwa amesharudi kwenye pasi yake, kichwa chini, mdomo umefungwa kama wiki zote hizo. Yule mwanamke alikuwa amemtunzia Msasa siri. Msusi akahisi wivu unampanda upya, wa moto kuliko wa mchana. Hata kumtunzia mumewe siri amwachie yeye?

"Shoga, tunangoja. Ilikuwaje?"

"Mkojo," msusi alisema, akakalia kigoda na kuanza kusuka.