Hatua Tatu za Nyumba ya Kadija

Nina hasira na Maingi mpaka leo, na asije mtu hapa kuniambia nitulie.

Mwaka wa tisini na saba mimi, Khalayi, ndiye niliyeandika programu ya ushirika wetu wa nyumba pale Majengo. Mpangaji akifa kuna hatua tatu: kufuta jina lake, kuhakikisha mjane amesaini, kisha kuandika jina la mjane. Nilizifunga kwa monadi. Yaani kila hatua inapokea daftari la wapangaji kutoka kwa iliyotangulia, ikikubali inalipitisha mbele. Yoyote ikikataa, zinazofuata hazifanyiki na daftari linabaki lilivyokuwa kabla ya kuanza. Hakuna nyumba inayoachwa nusunusu.

Meneja wetu Maingi akasema ati hayo ni madoido ya chuo. Nilipokwenda likizo ya miezi minne akaandika yake: kila hatua kivyake, haijali ya mwenzake. Akaongeza na ya nne, kwamba nyumba isiyo na jina apewe aliye mbele kwenye foleni.

Basi mume wa Kadija akafa. Kadija akakaa eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka nje. Ofisi nayo inataka mjane aje mwenyewe kusaini ndani ya siku tisini. Majengo nzima inajua eda ni nini, na Maingi pia anajua. Siku zilipopita, programu yake ikafuta jina la marehemu, ikakosa sahihi, ikaendelea tu, ikampa nyumba Gichuru, fundi viatu aliyesubiri miaka sita.

Niliporudi kazini Gichuru alikuwa ameshapewa ufunguo.

“Maingi, huna haya? Mjane yuko eda.”

“Kompyuta imeamua,” akasema, wala hakuinua macho.

Kompyuta gani? Aliamua yeye, mshenzi yule.

Nikatia disketi ya nakala, nikarudisha daftari la zamani, nikaendesha programu yangu. Ilipofika kwenye sahihi ikakataa, na nyumba ikabaki kwa jina la marehemu. Nikachapisha karatasi, nikakimbia nayo.

Nikamkuta Kadija kando ya barabara, amekalia godoro, amejifunika kanga usoni, wanaume wakipita. Gichuru alikuwa ndani akipigilia misumari.

“Nyumba ni yenu bado, Bi Kadija,” nikamwambia. “Kila kitu kimerudi kilivyokuwa.”

Hakuipokea karatasi.

“Nimetolewa nje ndani ya eda ya mume wangu, mwanangu, na mtaa mzima umeniona,” akasema. “Hilo nalo mtalirudisha vipi?”