Ulevi wa Mzee Maji

Madereva wenzake walimwita Mzee Maji, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha lori la mafuta bila kulikwaruza hata mara moja, na katika umri wake wa miaka hamsini na mmoja hakuwahi kuonja pombe. Kwenye sherehe za wenzake alishika chupa yake ya maji, akacheka na walevi, kisha akawarudisha makwao mmoja mmoja.

Ndiyo maana asubuhi ile getini, kipima ulevi kilipolia, mkaguzi wa usalama alikitazama kifaa badala ya kumtazama yeye. Akaleta kingine. Nacho kikalia vilevile. Alimuuliza kwa sauti ya chini jana alikuwa wapi. Mzee Maji akasema alikuwa nyumbani, alikula wali, akalala mapema. Mkaguzi aliandika alichopaswa kuandika, akachukua funguo za lori kwa upole, kama mtu anayemvua mgonjwa viatu.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba hakuweza kuapa kuwa yuko sawa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akila tu, miguu inakuwa myepesi, ulimi unakuwa mzito, na usingizi unamjia bila adabu. Alidhani uzee umeanza kubisha hodi.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, hakugomba. Hasira zake alizipeleka kwenye kutafuta. Alipekua kabati la nguo, akanusa vikombe vyote, akainua hata kifuniko cha tangi la choo. Hakupata kitu, na kule kutopata kukamzidishia shaka. Mtu ambaye hajawahi kuficha lolote, aliwaza, amejifunza lini kuficha vizuri hivi?

Jumamosi alimwambia mumewe kwamba siku hiyo hatatoka machoni pake. Walikaa sebuleni tangu kifungua kinywa, mke akisahihisha madaftari, mume akitengeneza redio. Alimsindikiza hadi mlango wa choo, akamngoja pale pale, mlango ukiwa wazi. Mchana walikula viazi na mkate kutoka sahani moja. Ilipofika saa tisa, mume alianza kucheka peke yake. Bisibisi ikamponyoka. Akawa anasimulia habari za barabarani, maneno yakigongana, na pumzi yake ikanuka kama mlango wa baa.

Mke aliweka kalamu chini. Hasira yote ilimwisha, pakabaki hofu.

"Baba watoto, umekunywa nini?"

"Chai uliyonipa wewe," alijibu, machozi yakimlengalenga. "Niambie wewe, mama, maana mimi sijui tena."

Zahanati ya kwanza walimshauri aache pombe. Hospitali ya pili walimpa karatasi yenye anwani ya kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha. Katika ya tatu, daktari mmoja, msichana aliyeweza kuwa binti yao, alisikiliza habari ya Jumamosi mpaka mwisho, kisha akamgeukia mke kumuuliza kama ana hakika hakumwacha hata dakika moja.

"Nimesimamia mitihani miaka ishirini," mke alisema. "Nina hakika."

Walimlaza. Mkoba wake ulipekuliwa, muuguzi akaketi mlangoni, naye akapewa maji yenye sukari nyingi. Kila baada ya saa moja walimtoa damu. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya nne ilikuwa damu ya mlevi.

Daktari aliuliza kama aliwahi kutumia dawa kwa muda mrefu. Mzee Maji akakumbuka jipu la jino, na mizunguko mitatu ya vidonge vya kuua bakteria. Basi daktari akawaeleza. Dawa zile ziliua pia bakteria wema wa tumboni, na nafasi yao ikachukuliwa na fangasi wa jamii ya hamira, ile inayoumua mkate. Kila alipokula wanga au sukari, fangasi wale waliugeuza kuwa pombe, ikaingia kwenye damu. Ni ugonjwa nadra sana, alisema, lakini upo.

"Kwa hiyo mimi ni kiwanda," Mzee Maji alisema.

"Kwa sasa, ndiyo."

Mke aliinamisha kichwa, akamwomba radhi kwa kunusa vikombe. Mumewe akamwambia hata yeye alivinusa, siku mbili kabla yake.

Alipewa dawa za fangasi, akakatazwa mkate, wali, viazi na sukari. Wiki ya tatu kipima ulevi kikalia tena, dawa zikabadilishwa. Wiki ya tisa kilinyamaza, na kikaendelea kunyamaza. Bosi alisoma barua ya daktari mara tatu, akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza, kisha akamrudishia lori kwa sharti la kupimwa asubuhi na mchana.

Siku ya kwanza kazini, dereva mmoja alimfuata nyuma ya matangi. Alikuwa mnywaji wa siku zote, kila mtu alijua. Aliuliza, huku akitazama viatu vyake, jina la daktari yule. Huenda na yangu ni ya tumboni, alisema.

Zamani Mzee Maji angejua la kumjibu. Sasa hakujua kama mtu huyu anajidanganya, wala hakujua tena yeye ni nani wa kumwambia hivyo. Alichana kipande cha karatasi, akaandika jina la daktari na siku za kliniki, akamwambia Alhamisi yeye mwenyewe anarudi kupimwa, wanaweza kwenda pamoja.