Mlango wa Hyeon-gyu

...tena imekataa, imeshindwa kuunganisha, maneno yale yale mekundu, na mke wangu jikoni anakaanga samaki wa kuchovya kwenye yai, anauliza kitu, sijui kuhusu mchele, namwitikia tu ndiyo, ndiyo... ruta ya zamani ya intaneti mafundi waliing'oa juzi wakafunga mpya, na njia ya kuingilia seva ya Hyeon-gyu ikapotea nayo, nimeifungua upya kama mtandaoni wanavyoelekeza, anayebisha hodi kutoka nje apelekwe moja kwa moja kwenye kikompyuta kile chini ya kitanda cha mwanangu, mchezo wake umo humo, nyumba alizojenga, mto, daraja, na leo ni mwaka tangu atutoke, rafiki zake walisema jioni watakutana humo... naandika anwani, imekataa... kwenye tambiko la leo, mbele ya meza ya vyakula vyake, atainama mdogo wake, mimi hapana, mzazi hamwinamii mtoto, anayewatangulia wazazi amekosa adabu, kaka yangu alisema hivyo mazishini, adabu gani, kijana mdogo, hata zamu yake ya jeshi haijafika... nilichobakiwa nacho ni kimlango hiki, nacho nimekiharibu, nimechoka jamani... simu, ni Seung-pil, aliyesoma na Hyeon-gyu, nimwambie nini, "Nisamehe mwanangu, seva imekufa, nimeshindwa," naye anashangaa, "Imekufa vipi, Baba? Sote tumo humu. Tumewasha taa nyumbani kwake, tunakungoja wewe tu." Mbona mimi inanikataa? "Si uko hapo hapo nyumbani? Ruta nyingine ndivyo zilivyo, ukiwa ndani ukaita anwani ya nje, hazikurudishi ndani. Tumia bando la simu, utaingia kama mtu wa nje"... kumbe tangu asubuhi pako wazi, kwa kila mtu ila wa nyumba hii, na si ndivyo ilivyokuwa akiwa hai, hawa wakicheka naye humo kila jioni, nami koridoni nagonga, Hyeon-gyu, njoo ule, wali unapoa, naye hajibu, nikadhani yuko peke yake, miaka yote nikadhani mwanangu hana mtu... inauma, ila ni afadhali kuliko nilivyodhani... "Baba Hyeon-gyu, meza tayari, fungua mlango wa mbele aingie," mke wangu anaita, ndiyo mila, roho nayo huja kutoka nje, hata yeye leo anakuja kwao kama mgeni... maneno mekundu bado yapo, Seung-pil bado yuko kwenye simu, nyuma yake nasikia vijana wanabishana nani asimame darajani, nami natafuta bando kwenye simu. "Ningojeni," namwambia. "Nakuja kwa nje."